Mama, Raya na Maganda ya Mabawa

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, lakini sithubutu kuanza barua kwako bila shikamoo, maana hata kaburini ungeniuliza nimelelewa na nani. Nimerudi leo adhuhuri kutoka Pangani. Nilikwenda kwa Raya. Usijifanye kuuliza Raya yupi. Raya ni mmoja tu, yule mtoto wa Kipemba aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake nyuma ya nyumba yetu pale mtaa wa Mabawa, bingwa wa maganda, ambaye wewe, Bi Mwalimu wa chuo cha Kurani, uliketi naye chini mchana kweupe ukamdhulumu. Nimekwenda kukuombea radhi.

Usinikunjie uso. Siku tulipokuzika, kabla jeneza halijatoka, baba mdogo alisimama barazani akasema kama ilivyo ada: yupo anayemdai marehemu? Kama yupo ajitokeze, wanawe wapo hapa. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia dirishani watu wakiitikia kwa sauti moja kwamba hudaiwi. Wakakusifu. Mwanamke mwaminifu, umesomesha watoto wa mtaa mzima, hujawahi kula cha mtu. Mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyejua unadaiwa, na nikanyamaza kwa kuona haya. Toka siku hiyo, kila nikimaliza kukuombea dua, jina la Raya linanijia. Mwishowe nikasema potelea mbali, nakwenda.

Lakini kwanza acha nikukumbushe, maana ukikumbuka utacheka, na mimi napenda kucheka na wewe hata kama nacheka peke yangu.

Wewe ulikuwa ukituona tunaokota takataka. "Mtaleta kipindupindu ndani!" Kumbe tulikuwa na mali. Ganda la sigara, ganda la kiberiti, boksi la majani ya chai, karatasi ya sabuni: tulikata upande wenye picha, tukaunyoosha chini ya godoro, ukawa ganda. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Unaliweka ganda chini kifudifudi, picha inatazama ardhi. Unakunja kiganja kidogo, unapiga chini kando yake, paa! Upepo ukilinyanyua likalala chali, picha ikaonekana, ni lako. Lisipopinduka, zamu ya mwenzio. Na kabla hujapiga mwenzio anasema "kiganja!" nawe lazima umwonyeshe mkono wako mkavu, usije ukawa umepaka mate. Sheria hiyo haikuwa na mjomba. Hata mtoto wa balozi wa nyumba kumi alionyesha kiganja.

Na thamani je? Hapo ndipo ninapowastaajabia wale watoto. Hakuna aliyekaa akapanga. Maduka ndiyo yaliyopanga. Kisichokuwepo dukani ndicho kilichokuwa mfalme uchochoroni. Sigara zilikuwepo, kwa hiyo ganda la sigara lilikuwa chenji tu. Kiberiti kilipoadimika, ganda lake likapanda likawa sawa na sigara nne. Dawa ya mswaki ilikuwa kitu kikubwa, unatembea nayo mfukoni unajisikia. Na juu ya vyote ilikaa karatasi ya sabuni ya kuogea, ile yenye picha ya mwanamke aliyevaa maua kichwani, tuliyoiita Bibi Harusi. Mwaka ule watu tulioga kwa majani ya mpapai na magadi, mama, unakumbuka? Mwenye Bibi Harusi alikuwa hachezi nayo ovyo. Anaitoa, anatunusisha, anairudisha. Siku duka la ushirika likipokea katoni moja ya kitu, ikifika alasiri bei ya ganda lake imeshaanguka mtaani kwetu, wakati redio bado haijasema neno. Sisi ndio tuliokuwa tukijua hali ilivyo.

Kulikuwa na maganda ya Mombasa pia, yaliyopenya mpakani Horohoro. Hayo yalikuwa mazuri ajabu, yanang'aa, lakini yalikuwa na hatari yake. Ulipokuja ule msako wa walanguzi, ganda la Mombasa mkononi mwa mtoto lilikuwa ushahidi juu ya mama yake. Nakumbuka Saidi, mtoto wa jirani yetu, alivyoweka chini ganda la biskuti la Mombasa, akijivuna. Mama yake alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akalikwapua, akalitia motoni, kisha akarudi kututangazia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Nyumba hii haijawahi kula biskuti!" Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni ukaficha uso kwenye kanga. Ulikuwa unacheka. Nilikuona.

Raya alifika katikati ya mambo hayo. Msichana wa miaka kumi na miwili, mimi nina kumi. Mwembamba, kanga kaifunga shingoni, anatumia mkono wa kushoto, na kiganja chake sijui kiliumbwaje. Akipiga chini, vumbi linainuka na ganda linageuka kwa adabu, pole pole, kama lililoambiwa. Wiki ya kwanza aliwamaliza wavulana wa mtaa. Wiki ya pili wakaanza kuja watoto wa Ngamiani na Chumbageni kujaribu bahati yao, wakirudi kwao mikono mitupu. Yeye hakuwa na maneno mengi. Akishinda anasema tu, "Mie huyo," anaokota, anatia kwenye mkoba wa ukili alioshona mwenyewe. Hakuwa na mama wala baba Tanga, hakuwa na nguo ya maana, shuleni walimcheka anavyosema. Lakini akipita uchochoroni, watoto walimpisha. Walimwita Bingwa. Hilo ndilo alilokuwa nalo.

Sasa ile Jumatano. Zilikuwa zimebaki siku tatu mfungo uanze. Ilikuja habari kwamba duka litagawa sukari, sabuni na doti za kanga, kaya kwa kaya, kwa kadi. Ukanipa kadi yetu, ukaniambia, "Zuhura, nenda ukakae kwenye tofali letu, mimi nawatoa watoto chuoni kisha nakuja. Kadi hii usiitoe hata ukiombwa na malaika." Foleni ilikuwa ya mawe na matofali, kila mtu na alama yake, wenyewe wamekwenda kufanya shughuli zao. Kwetu lilikuwa lile tofali lililomeguka pembe. Nikakaa. Jua likapanda. Gari haikuja. Na watoto wote waliotumwa foleni walikuwa pale pale, wamekaa duara, wanapiga maganda. Ungenitaka nifanye nini?

Nilicheza. Nikaliwa. Maganda ya sigara yote, viberiti vyote, boksi la chai. Ikabaki Bibi Harusi yangu moja, nayo ikaenda. Paa! "Mie huyo." Nilihisi masikio yanawaka moto. Watoto wakaanza kunizomea, mtoto wa mwalimu kaliwa, mtoto wa mwalimu kaliwa. Nikatia mkono kifuani nikatoa kadi ya duka, nikaibwaga chini.

Duara zima likainama kuitazama. Kadi ya duka, mama, ilikuwa ngumu, rangi ya majani makavu, ina muhuri wa buluu. Hakuna mtoto aliyewahi kuiwaza kuwa ni ganda, na pale pale wote wakaona kwamba ndiyo ganda kuu kuliko yote, ganda linalozaa sukari. Raya aliniangalia. "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akaniuliza tena. Nikamwambia kama anaogopa aseme. Basi akaonyesha kiganja, akapiga mara moja.

Adhuhuri ilipopita karani wa duka akatoka akasema gari imelala njiani, mzigo utashushwa kesho asubuhi. Watu wakaondoka wakisonya. Mimi nikaja nyumbani nikakwambia kadi imeanguka. Uliniangalia tu. Nami nikayamwaga yote, na kamasi juu.

Nilingoja kipigo. Badala yake ukaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mikono magotini. Ukasema kwa sauti ndogo, "Umecheza kamari na chakula cha wadogo zako." Na mimi mtoto wa miaka kumi nikaona jinsi ulivyobanwa. Ukienda dukani kusema kadi imepotea, unangoja orodha mpya, na mfungo haungoji. Ukienda kwa shangazi yake Raya kuidai, mtaa mzima utajua kwamba binti wa Bi Mwalimu anacheza kamari, binti wa yule yule anayewachapa watoto wa wenzake kwa kucheza maganda. Baba yuko shamba la mkonge hadi Ijumaa. Na tumboni ulikuwa na Mwanaidi, mwezi wa nane.

Ukainuka ukajifunga kanga. Tukamkuta Raya kwenye uchochoro, amezungukwa. Alisimama, akaweka mkono kichwani kwa adabu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una kadi yetu."

"Ninayo."

"Naiomba."

Raya akatazama chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Mwalimu, mie sikuiba. Nimeishinda. Nilimuuliza mara mbili."

Mtu mwingine angempiga kofi akamkwapua. Nilitamani ufanye hivyo, Mungu anisamehe. Wewe ukavuta pumzi. "Kweli hukuiba. Nikikunyang'anya nitakuwa nimekudhulumu, na mimi sidhulumu mtoto wa mtu." Hayo ni maneno yako mwenyewe, mama. Yashike hayo. Kisha ukasema jambo ambalo hata leo nikilikumbuka mwili unanisisimka: "Basi tucheze. Ngoja nikaswali alasiri, nakuja."

Watoto walipiga yowe! Bi Mwalimu anacheza! Ukawageukia na kidole: "Atakayelipeleka chuoni, namhifadhisha juzuu nzima." Wakafunga midomo palepale.

Ulirudi baada ya alasiri, umevaa buibui, mkono wa kulia umeufumbata ndani ya kanga. Kwa mkono wa kushoto ukatoa karatasi tano za sabuni. Ulizitunza chini ya nguo sandukuni tangu ulipoolewa, ili nguo zinukie, na mimi sikujua kama zipo. Hazikuwa Bibi Harusi. Zilikuwa za zamani zaidi, picha za waridi na ndege, sabuni ambazo watoto wale hawakuwahi kuziona wala kuzisikia. Hata Raya macho yalimtoka. Mkaiweka kadi chini kifudifudi, karatasi zako tano kando, atakayeigeuza kadi anachukua vyote.

Ukaketi chini, mjamzito wa miezi minane, ukashuka kwa awamu tatu na bismillahi tatu. Raya akaanza. Kiganja! Kikavu. Akapiga. Kadi ikanyanyuka, ikatutia roho juu, ikarudi vilevile. Ilikuwa ngumu ile kadi, si karatasi. Zamu yako.

Raya akautazama mkono wako ndani ya kanga. Sote tukautazama. Sheria ilikuwa aseme "kiganja," nawe uonyeshe. Alifungua mdomo. "Mwalimu..."

"Naam, mwanangu?"

Ukamtazama na yale macho yako ya chuoni. Mtoto wa watu akafunga mdomo. Nani angemwambia Bi Mwalimu aonyeshe mkono kama mwizi? Akasema, "Hamna kitu."

Ukapiga. Hukupiga kando, ulipiga ukingoni, na kadi ikaja juu na mkono wako, ikapinduka, muhuri wa buluu huo unatutazama. Uchochoro ulilipuka. Watoto walirukaruka, Saidi alilala chini akijigaragaza. Mimi nililia kwa furaha. Raya aliitazama kadi, akasema, "Umeshinda, mwalimu. Shikamoo," akaondoka na mkoba wake.

Nami niliendelea kufurahi hadi karibu na magharibi, nilipokuja uani kukuletea maji ya udhu. Nikakukuta umechuchumaa, mafuta ya nazi kwenye kifuu, jivu pembeni, unasugua kiganja cha kulia. Unasugua, unamwaga maji, unakunja uso, unasugua tena. Nikasikia harufu. Mama, siku ile nyumbani kwetu hatukuwa na fenesi. Fenesi lilikuwa kwa jirani, lile alilolipasua mchana. Nikajua. Utomvu! Utomvu wa fenesi, ambao ukigusa mkono hata mfuniko wa sufuria unakufuata. Na udhu haukushika, maana maji hayafiki kwenye ngozi. Adhana ikapigwa, ikaisha, watu wakaswali, wewe bado unasugua huku unasema astaghfirullah kwa kila msuguo. Nikarudi nyuma kimya kimya na kopo langu la maji. Sikukwambia kamwe kwamba nilikuona. Nilikupenda siku ile hadi kifua kikaniuma. Mtu asiyekunywa chai kwa mtu bila kuuliza sukari ilipatikanaje, kwa ajili yetu akapaka utomvu mkononi.

Sukari tuliipata. Kanga pia, ile ya rangi ya zambarau uliyombebea Mwanaidi mgongoni. Na mfungo ule wote bakuli la kwanza la uji wa futari halikuwa la baba. Lilikuwa likienda kwa shangazi yake Raya, na mimi ndiye mpelekaji. Baba akiuliza, unasema, "Wale ni wageni." Mimi nikiangalia ardhi.

Halafu mambo yakageuka. Biashara ikafunguliwa, mizigo ikaja, ikawa kila duka la Mkwakwani lina sabuni za aina saba. Na maganda yetu, mama! Bibi Harusi ikawa inazagaa mitaroni, watu wanaikanyaga. Niliziona karatasi zangu ishirini nilizozihifadhi kwenye kopo, nikajua mimi ni tajiri wa jana. Zikaja bazoka, pipi za kutafuna zenye picha ndani, wacheza mpira na wapigana mieleka, watoto hawakuokota tena, walinunua. Hawakupiga chini, walibadilishana, nakupa huyu nipe yule, wakibishana nani ni adimu. Nilikuwa nimeshaolewa wakati huo, nikawa nawachungulia nawasikitikia, hawajui kutia upepo kwenye kiganja. Wanangu wakaja na kadi za majoka na mashetani kutoka nje, zenye namba za nguvu. Kisha vocha za simu zilizokwanguliwa. Sasa mjukuu wako ananionyesha kadi zake ndani ya simu, hata kuzishika huwezi. Nikamwambia, sisi yetu yalikuwa yananukia. Akanitazama kwa huruma.

Basi nikamtafuta Raya. Nikaambiwa aliolewa Pangani, ana mgahawa karibu na kivuko, chai na chapati na supu ya pweza kwa watu wanaongoja pantoni. Nikashuka pale asubuhi, nikamjua kwa mkono, anapindua chapati kwa mkono wa kushoto. Amenenepa, mama, mashaallah, ana meno mawili ya dhahabu. Alinitazama, akautupa upawa. "Zuhura wa Mwalimu!" Tukakumbatiana mpaka chapati ikaungua.

Alikuwa amesikia msiba wako, alikuwa amekusomea. Nikaona hapo hapo niseme kabla chai haijapoa. Nikasema, Raya, nimekuja kumwombea mama radhi. Ile kadi ya duka hakukushinda. Alipaka utomvu wa fenesi.

Alikaa kitako kwenye benchi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua ule mkono una kitu," akasema. "Nilijua, Zuhura. Mie sikuweza kumwambia mtu mzima aonyeshe kiganja. Mwalimu, tena! Nikarudi kwa shangazi, nikajiambia labda mie ndiye niliyekosea. Kesho yake watoto wakaniimba, kapigwa na mama mja mzito, kapigwa na mama mja mzito. Hakuna aliyeniita Bingwa tena. Sikupiga ganda tena maisha yangu."

"Uji ulikuwa ukifika?" nikauliza kwa unyonge, nikitafuta pa kushika.

"Ulikuwa ukifika, na mtamu. Lakini mie sikutaka uji."

Nikamwomba radhi kwa Mungu na Mtume. Nikampa na mkono. Akauangalia mkono wangu, nikaona yale macho ya uchochoroni yanarudi, yanang'aa. "Radhi hapa haitolewi bure," akasema. "Keti chini tucheze. Ganda tano. Nikikushinda, nimelipwa, mama yako nimemsamehe. Ukinishinda, unarudi Ijumaa ijayo, tunaanza upya. Na usinihurumie. Ukiniachia hata ganda moja nitajua, na hapo radhi sitoi."

Uliona wapi mashaka kama hayo? Nikushindie, nikukoseshe radhi. Nishindwe kusudi, nikukoseshe radhi. Nikavua viatu. Akakata maboksi matano ya majani ya chai, akafagia sakafu ya saruji, tukashuka wanawake wawili wa makamo, magoti yanalia, abiria wa pantoni wakaacha chai zao wakatuzunguka.

"Kiganja!" akaniambia, kwa sauti ambayo nadhani aliiweka akiba miaka yote hiyo. Nikaonyesha vyote viwili. Akavikagua, akavinusa, mama! Akavinusa mbele za watu.

Nikapiga ganda la kwanza kwa nguvu zangu zote kama alivyotaka, likapinduka. La pili, yeye kakosa, mimi nikapiga, likapinduka. Jasho likanitoka. Nina mawili, moja tu tena na kazi imeharibika. Sijawahi kumwomba Mungu nishindwe. Nilimwomba pale kwenye saruji, huku nakunja kiganja vizuri kabisa, maana Raya alikuwa anautazama mkono wangu kama karani wa mahakama. La tatu nilipiga kwa haki. Likanyanyuka, likasimama kwa ukingo, abiria wakashika vichwa, likarudi kifudifudi. Raya akavuta kanga yake, akasogea, akapiga kwa kushoto. Likageuka pole pole, kwa adabu. La nne vilevile. Mtu mmoja akasema pantoni imefika, hakuna aliyekwenda.

La tano nilianza mimi. Nilipiga hadi kiganja kikafa ganzi, halikutikisika. Raya akatulia. Akafumba macho, akayafumbua. Paa!

Majani ya chai yakatutazama sote. Watu wakapiga makofi, kijana wa tiketi akapiga filimbi ya pantoni. Raya hakusema "Mie huyo." Alikaa pale chini amelishika ganda kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, anacheka na yale meno ya dhahabu, nami nikamshika tukalia na kucheka hadi mumewe akaja kuuliza kuna nini. Akamwambia, "Nimeshinda." Mzee wa watu akauliza umeshinda nini, naye akajibu, "Nimeshinda tu."

Aliponisindikiza stendi, alinishika mkono akanipa maneno ya kukupa. Nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie Bi Mwalimu nimemsamehe, dunia na akhera, kwa moyo mweupe. Nami anisamehe nilivyomnyima mtoto wake kadi. Lakini umwandikie, Zuhura, kwa mkono wako, umwambie bingwa wa Mabawa ni nani."

Basi mama, nakuandikia. Bingwa wa Mabawa ni Raya. Alikuwa Raya siku ile, na ni Raya leo.

Lala, mama yangu. Hudaiwi.

Mwanao, kifungua mimba wako,
Zuhura